Mkaja wa Mwanasha

Niwaambie? Tuambie. Mtanijibu? Tutajaribu. Haya, sogeeni.

Mtaa wa Kisimani waliishi wanawake watatu, majirani wa ukuta kwa ukuta, wote hawana mtoto. Bi Mize alikuwa na ulimi mtamu, Bi Somoe alikuwa na mikono ya kazi, na Bi Time alikuwa na jicho kali. Jirani yao mmoja alifariki akaacha binti wa miaka miwili, Mwanasha. Wakamlea wote watatu, leo huku, kesho kule.

Bi Mize alimfundisha kusema. Alimfundisha kumwamkia mkubwa, kumpa pole mgonjwa, na kunyamaza mwenzake anapolia. Mtoto akawa akiingia nyumba ya watu, watu wanafurahi.

Bi Somoe alimfundisha kazi. Aliushika mkono wake ndani ya bakuli la unga hadi mkono ukajua wenyewe. Hakusema mengi. Mkate ukiharibika, alisema tu, "Anza tena, mwanangu."

Bi Time, jamani, mimi mwenyewe nilikuwa namwogopa. Mwanasha akiwa na miaka saba aliiba maandazi mawili kwa jirani. Bi Time alimshika mkono, akampitisha mtaa mzima mchana kweupe, akamsimamisha mlangoni kwa jirani yule. "Sema mwenyewe ulichofanya." Mtoto alisema huku analia. Bi Mize alikasirika, wiki nzima hakumsemesha Bi Time.

Mwanasha akakua, akaja kuposwa. Shangazi yake bwana harusi alitumwa kumtazama. Binti alimwamkia vizuri, akampikia mkate wa kumimina. Mkate ukaungua chini. Juu ulikuwa mzuri, angeweza kuuacha hivyo hivyo, nani angejua? Lakini aliugeuza mbele ya mgeni, akasema, "Shangazi, nisamehe, huu nimeuunguza. Ngoja nikupikie mwingine." Akapika wa pili, ukatoka safi.

Shangazi aliporudi kwao alisema, "Kwa salamu nilimpenda. Kwa mkate nilimtaka. Na alipougeuza ule ulioungua, nikasema huyu ndiye."

Sasa sikilizeni. Siku ya harusi, upande wa mume huleta mkaja, kitambaa cha kumfunga kiunoni mama aliyelea. Mkaja ni mmoja, haukatwi wala haugawiwi. Na kwa desturi ya mtaa ule, aliyefungwa mkaja ndiye ambaye binti atarudi kwake kujifungua mtoto wa kwanza, na mtoto huyo atasikia sauti yake kabla ya nyingine zote. Kwa wanawake wale wapweke, hilo ndilo lililokuwa limebaki la kutamaniwa duniani.

Wakakaa kwenye mkeka mmoja. Mwanasha akasimama mbele yao na kitambaa mkononi.

Bi Mize akasema, "Mpe umtakaye, mwanangu, sitanuna." Alikuwa anadanganya.

Bi Somoe aliificha mikono yake ndani ya kanga.

Bi Time akasema, "Mimi nimekuliza sana. Usinipe kwa kunihurumia."

Mwanasha aliwatazama, machozi yakamtoka, akaona kwamba akimfunga mmoja anawafungia mlango wawili, na wote watatu ndio waliomfanya awe mtu.

Mimi nimeshindwa, ndiyo maana nimewaita. Je, wewe uliyenisikiliza, ungemfunga nani mkaja huo, na wale wawili ungewaambia nini?