Hondo Aliyekwenda Kutazama

Mnataka hadithi, na hizi kunde atachambua nani? Tangu mrudi na lile basi la shule kutoka mbugani sijapumua. Twiga hivi, simba vile. Simba mwenyewe mliona mkia. Haya, kila mtu ashike kunde zake, mikono ifanye kazi na masikio yafanye kazi. Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitika kama mnaumwa. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na mti, mti una tundu, tundu lina mke, na mke hana unyoya hata mmoja wa kurukia.

Hapo zamani, zamani za kale, aliishi hondohondo mmoja na mkewe huko nyikani. Mume tumwite Hondo. Mke jina lake Sikudhani.

Sasa ndege hawa wana desturi yao, na msicheke. Mke akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti. Mlango anauziba kwa tope na mavi yake mwenyewe. Nimesema msicheke! Anaziba mpaka unabaki ufa mwembamba, wa kupitisha mdomo tu. Nyoka hapiti, nyani hapitishi mkono. Kisha mke anapukutika manyoya ya mbawa. Hapo hana mbawa, hana mlango. Ana mume tu.

Siku ya kuziba, Sikudhani alisema, "Baba watoto, ukuta huu naujenga kwa kukuamini wewe. Usipokuja, sina pa kwenda."

"Mke wangu, nitakuja mara ishirini kwa siku mpaka unichoke."

Na kweli alikuja. Panzi, nge, tunda, panzi tena. Hondo hakuwa mvivu, wala hakuwa mwongo. Ugonjwa wake ulikuwa macho. Akiona kitu kizuri, mwili unaganda na akili inahama.

Mayai yakaanguliwa. Watoto wawili, na ukiwatazama huoni kitu ila midomo.

Asubuhi moja Hondo aliondoka kutafuta panzi, akawaona tembo. Kundi zima, limejipaka vumbi jekundu, mbele bibi mzee mwenye pembe iliyovunjika. Wakubwa vile, jamani, na mguu wakiuweka chini husikii kitu, utadhani umeanguka mto wa usufi. Katikati yao mtoto alikanyaga mkonga wake mwenyewe akaanguka. Bibi akamwinua, wala hakumgombeza.

Hondo akatua mtini akatazama. Jua likapanda, jua likapinda.

Kule kwenye tundu mke akaimba:

*Hondo, Hondo, uko wapi?*
*Ukuta mkavu, tumbo tupu.*
*Hondo, Hondo, uko wapi?*

Alasiri akarudi na panzi mmoja. "Mke wangu, leo nimeona tembo! Ungeona bibi yao!"

"Mzuri?"

"Mzuri ajabu!"

"Na amekupa nini utuletee?"

Hondo akapenyeza panzi kwenye ufa. Panzi mmoja, midomo mitatu. Sikudhani akawapa watoto.

Siku ya pili Hondo akaondoka kutafuta panzi, akapita ziwa la magadi. Ziwa lilikuwa rangi ya waridi, ukingo huu mpaka ukingo ule. Heroe, wale ndege wa ziwani! Maelfu kwa maelfu, miguu kama vijiti, vichwa wamevipindua chini juu, wanachuja maji kwa midomo iliyopinda. Wakigeuka wanageuka wote mara moja, kama wanafuata ngoma. Pambo kama lile sijaliona hata kwa bibi harusi, na maharusi nimewapamba wengi.

Hondo akatua akatazama. Jua likapanda, jua likapinda, jua likazama.

Mke akaimba:

*Hondo, Hondo, uko wapi?*
*Ukuta mkavu, tumbo tupu.*
*Hondo, Hondo, uko wapi?*

Giza linaingia ndipo akafika, mdomoni ana tunda lililonyauka. "Mke wangu, heroe! Sijui hata nikuelezeje!"

"Usinieleze," akasema Sikudhani. "Watoto wakilala na njaa nitawaimbia hao heroe, labda watashiba."

"Kesho, mke wangu. Kesho nitaleta mpaka useme basi."

Siku ya tatu akaondoka mapema, na nia yake ilikuwa safi, sitamsingizia. Lakini mtoni nyumbu walikuwa wanataka kuvuka.

Walijaa ukingoni mpaka ardhi haionekani. Pundamilia kati yao, mistari inang'aa kama imepigwa brashi. Wanakuja, wanaogopa, wanarudi. Chini mamba wametulia kama magogo. Halafu mmoja akajitupa, na wote wakamfuata, vumbi juu, maji juu, mlio mmoja. Mama mmoja alivuka salama, akageuka, akamwona mwanawe kabaki ng'ambo. Akajitosa tena majini, palepale penye mamba, akamfuata.

Hondo akalia machozi. "Mama gani huyu! Mama gani!"

Anamlilia mtoto wa nyumbu, na wake wana njaa tangu juzi. Mnamwona? Akakaa siku hiyo, akakaa na iliyofuata, kwa sababu nyumbu walikuwa bado wanavuka.

Kwenye tundu sauti ilishakuwa nyembamba:

*Hondo, Hondo, uko wapi...*

Kuubomoa ukuta Sikudhani angeweza. Lakini abomoe aende wapi bila mbawa? Na nyoka akija, watoto atawaficha wapi? Akakaa ndani.

Chini ya mti ule palikuwa na kichuguu, na kwenye kichuguu waliishi nguchiro. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mkali, Bibi Nguchiro. Nao walikuwa na desturi yao: wote wakichimba mende, mmoja yuko zamu. Anasimama kwa miguu miwili juu ya kichuguu, anatazama angani. Akimwona kipanga analia, wote wanaingia shimoni. Siku ile zamu ilikuwa ya binti yake Bibi Nguchiro.

Bibi akainua kichwa. "Nani anaimba kama anakata roho?"

"Ni mimi jirani yako, Sikudhani. Mume wangu hajarudi."

"Amekufa?"

"Angekuwa amekufa ningejua la kufanya."

Bibi Nguchiro hakuuliza tena. Akawaita wanawe wote wapande mti, wapokezane mende mpaka kwenye ufa. Mti ulikuwa mrefu, mikono ikapungua. Binti aliyekuwa zamu akashuka kichuguuni ajaze pengo.

Mende wa kwanza akapita ufa. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa mkononi mwa binti, kipanga akashuka.

Hakuna aliyelia "kipanga", kwa sababu wa kulia ndiye aliyechukuliwa.

Siku iliyofuata Hondo akaja, anaita tangu mbali. "Mke wangu! Nyumbu! Kuna mama mmoja, alirudi majini kumfuata mwanawe!"

Akachungulia ufa. Mke mzima, watoto wazima, maganda ya mende yamejaa.

"Nani amewalisha?"

"Muulize aliye chini," akasema Sikudhani.

Bibi Nguchiro alikuwa amekaa juu ya kichuguu, mahali pa binti yake. Akamweleza yote, maneno machache.

Hondo akashuka, mbawa zinaburuzika mchangani. "Bibi, nitalipa. Nitakuletea mende kila siku."

"Mende tunajua kuchimba."

"Nitakuletea asali."

"Kula mwenyewe."

"Basi unataka nini, bibi yangu?"

"Nilikuwa na macho mawili pale juu, yanatazama angani wengine tukila. Nataka macho."

Hondo akamgeukia mkewe. "Sikudhani, niombee."

"Mimi niko ukutani," akasema mkewe. "Kubali au ukatae. Ila ukikataa, usije kwenye ufa huu kunihadithia uzuri."

Hondo akakubali.

Wajukuu zangu, kutazama si kosa. Tembo ni mzuri, heroe ni mzuri, na aliyewaumba hakuwaumba tufumbe macho. Lakini mtu akijifungia ndani kwa kukuamini, mlishe kwanza, kisha katazame. Ukimsahau, kuna mwingine atakufa akifanya kazi yako.

Hapa ndipo naitua hadithi yangu. Mwenye kuitaka aibebe, mwenye kuichoka aiache njiani. Na Hondo ndiyo hivyo, alilipa macho. Kutwa yuko mtini juu ya nguchiro wanaochimba, anatafuta kipanga, na katikati ya zamu anakimbia na panzi kwenye ufa anarudi. Tembo wakipita nyuma yake anasikia matawi yakivunjika. Shingo hageuzi.