Milioni Mia Tatu za Shemeji

“Mbegu haisifiwi ghalani.” Mmeisikia leo kwenye mkutano wa hisa, wanangu, mkaniuliza imetoka wapi, maana aliyeisema hakuwa akizungumzia kilimo. Kaeni basi niwaambie ilivyozaliwa.

Upande wa Singida, kwenye alizeti nyingi, alikuwako muuguzi jina lake Salome Ntandu. Alipostaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kuchoma watu sindano na kukesha wodini, alipewa kiinua mgongo. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumtegemea. Fedha ile ndiyo ilikuwa uzee wake wote. Akaamua kununua hisa katika kampuni ya kukamua mafuta.

Kampuni zilikuwa mbili. Kubwa iliongozwa na Mughenyi, mume wa dada yake. Ndogo ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Nyamwiru na wenzake. Salome akaomba taarifa za hesabu za zote mbili, akavaa miwani, akasoma. Kwa Mughenyi aliona faida iliyobakizwa kwa miaka mitano, yaani ile ambayo wanahisa hawakugawana: shilingi milioni mia tatu. Kwa Nyamwiru ilikuwa milioni tisini tu.

“Sasa unasita nini?” dada yake alimuuliza. “Kati ya mia tatu na tisini, hata mtoto anajua ipi kubwa.”

Salome naye aliona hivyo. Lakini muuguzi hampi mgonjwa dawa kwa kusoma cheti peke yake, humtazama mgonjwa. Asubuhi moja akaenda kiwandani kwa shemeji yake.

Mughenyi alimpokea kwa furaha, akamkalisha, akaagiza chai. “Shemeji, sisi hatuli ovyo,” alisema. “Kila mwaka faida ni milioni sitini, na kila mwaka tunabakiza yote.”

“Hizo mia tatu ziko benki?”

“Benki zifanye nini? Njoo uone.”

Akampeleka nyuma ya kiwanda, akafunua turubai. Chini yake palikuwa na mashine kubwa ya kijani, mpya, yenye vumbi.

“Inakamua magunia mangapi kwa siku?” Salome akauliza.

“Bado haijaanza. Inataka umeme mkubwa, na nguzo hazijafika.”

“Tangu lini?”

Mughenyi akakuna kidevu. “Huu mwaka wa tatu. Tunailipia kwa awamu tangu tulipoiagiza, faida yote ya mwaka inakwenda humo.”

Salome akazunguka mashine ile. Moyo ulimuuma. Alimpenda shemeji yake, na alijua hakuiba hata senti. “Miaka mitano iliyopita mlipata sitini,” akasema polepole. “Mmebakiza mia tatu, na mwaka huu mmepata sitini zilezile. Sasa hizo mia tatu zimefanya kazi gani?”

“Zipo! Hukuziona kwenye hesabu?”

“Nimeziona, shemeji. Ila mbegu haisifiwi ghalani.”

Uso wa Mughenyi ukabadilika. “Wewe wa sindano ndiye wa kunifundisha biashara?” Akalirudisha turubai mahali pake. Chai ikapoa bila kunywewa.

Kesho yake Salome akaenda kwa Nyamwiru. Hapakuwa na cha kuringia. Kwa fedha walizobakiza walikuwa wamewakopesha wakulima mbegu bora, wakaongeza mashine mbili ndogo, wakajenga banda la mashudu, yaani makapi ya alizeti iliyokamuliwa, ya kuwauzia wafugaji. Miaka mitano nyuma faida yao ilikuwa milioni ishirini. Sasa ilifika hamsini. Akanunua hisa pale.

Haikuwa rahisi. Dada yake alikaa mwaka mzima bila kumjulia hali. Gawio la kwanza lilikuwa dogo mno, hata Salome akawa anafuga kuku wa mayai ili amudu matumizi, na mara nyingi alijiuliza kama hakuuza undugu bure. Gawio la pili likaongezeka kidogo. Kisha mvua zikagoma. Alizeti ikawa adimu, na wakulima waliovuna chochote walikipeleka kwa Nyamwiru aliyewapa mbegu. Kwa Mughenyi kulikuwa na chuma tu. Hapakuwa na fedha ya kununulia hata gunia.

Wanahisa wake wakaitisha mkutano wa ghadhabu. Mughenyi akasimama mbele yao.

“Miaka miwili iliyopita shemeji yangu aliniuliza fedha zenu zimefanya kazi gani, nikamtukana,” akasema. “Nilikuwa nawaonyesha wingi wa fedha, na fedha zenyewe zimelala kwenye mashine isiyokamua. Tuiuze mashine hii hata kwa hasara, tununue alizeti.”

Wakaiuza kwa nusu ya bei, wakaanza upya. Jioni ile Mughenyi na mkewe walikwenda kwa Salome, hawakuomba kitu, wakala naye ugali. Na wanahisa wale, kila walipoonyeshwa hesabu mpya, waliuliza kwanza kilichobakizwa kimezaa nini. Mkurugenzi akijisifia wingi wa fedha zilizobakizwa, walimjibu kwa neno la muuguzi: mbegu haisifiwi ghalani.