Taa ya Mwenzio na Ndege ya Inspekta Semeni

"Taa ya mwenzio huonyesha askari, haionyeshi ng'ombe." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo kijana wa bodaboda, nanyi mmekuja kwangu mnacheka, mnataka kujua taa na ng'ombe vimekutana wapi. Kaeni basi. Chanzo cha maneno haya nakijua, maana kilianzia ndani ya gari la babu yenu.

Enzi hizo Mgata, babu yenu, alikuwa kijana anayeendesha pikapu. Mimi nilikuwa nimejifungua hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza, na yeye alikuwa hajamwona. Asubuhi alikwenda kumchukua mama yangu, naye akapanda na chupa ya uji wa ulezi na kanga mbili mpya za kumpokelea mjukuu.

Barabara ile ilikuwa na desturi yake. Madereva walikuwa wanaambiana. Anayekuja mbele yako akiwasha taa mara mbili, ujue kuna askari wa tochi, ile ya kupima mwendo, huko alikotoka. Akikupungia kiganja, njia nyeupe, kanyaga. Hata wasiojuana waliambiana, tena wakijisifu kwamba hivyo ndivyo madereva wanavyopendana.

Sasa polisi nao walichoka kuvizia vichakani, wakapata ndege ndogo. Barabarani walichora mistari minene myeupe. Rubani akiwa juu anaangalia gari limetumia muda gani kutoka mstari mmoja hadi mwingine, mwendo anaujua, kisha anawaita wenzake kwa redio. Rubani mwenyewe alikuwa mwanamke, Inspekta Semeni. Watu walisimama mashambani kumwangalia, na wapo kina mama waliowanyanyua watoto wao wamwone.

Mgata alipokaribia kilima cha Chamwilo, likaja lori. Dereva wake akatoa kiganja dirishani, akapunga. Mgata akakanyaga mafuta.

Mama akashika dashibodi. Mkwe hagombezwi ovyo, kwa hiyo alianza kwa upole. "Baba, mtoto hatoroki."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Njia nyeupe."

"Nani kasema?"

"Si umemwona wa lori? Hakuwasha taa, kapunga. Hakuna askari mpaka mjini."

"Haya. Uji ukimwagika, utampikia wewe."

Kule juu, Semeni aliiona pikapu ikipanda mbio. Alikuwa anaona na upande wa pili wa kilima, ambao Mgata hauoni. Ng'ombe wa Chamwilo walikuwa wanavuka barabara kwenda joshoni kuogeshwa dawa, kundi zima, na watoto wachungaji katikati yao. Akamwita kwa redio Sajenti Kibena, mwenzake wa barabarani aliyekuwa anakuja kwa gari, lakini Kibena alikuwa ng'ambo ya kundi, hana pa kupita.

Semeni hakungoja. Akashusha ndege, ikaja mbele ya pikapu, chini kabisa, ikiinamisha bawa huku na bawa huku kama ndege wa porini anayefukuza mtu kiotani mwake.

"Mgata!" Mama alisahau kabisa habari ya ukwe. "Simama, weee!"

Mgata akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu ikayumba, ikafika kileleni ikilia matairi, ikashuka kidogo, ikasimama. Ng'ombe mwekundu akageuza kichwa, akapumulia kioo. Nyuma yake kulikuwa na mtoto mwenye fimbo, ameganda, mdomo wazi.

Uji ulikuwa unachuruzika miguuni mwa mama.

Sajenti Kibena alijipenyeza kwa miguu katikati ya ng'ombe, akafika dirishani. "Dereva, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kumwona mwanangu. Amezaliwa juzi."

Kibena alimtazama, akawatazama wale wachungaji. "Na hawa wa wenzio?"

Mgata akanyoosha kidole nyuma, lilikokwenda lori. "Afande, wa lori aliniambia njia nyeupe. Kweli tena, aliniambia!"

"Hakukudanganya. Alipopita, mimi nilikuwa sijafika hapa, na ng'ombe walikuwa hawajashuka. Tena wewe ulitaka kujua habari zetu sisi tu."

Hapo ndipo mama yangu alipofungua mlango, akashuka na kanga zilizolowa uji, akasema kama anayejisemea: "Kumbe ndivyo. Taa ya mwenzio huonyesha askari, haionyeshi ng'ombe."

Kibena alicheka mpaka akavua kofia. Mama akainua macho, akaikunjua kanga moja, akaipunga. Ndege ikazunguka mara moja juu ya kilima, ikainamisha bawa. Mama alisimama akiipungia mpaka ikawa nukta. "Mtoto wa watu," alisema. "Mzazi wake hakupoteza uchungu wake."

Faini Mgata alilipa, na hakunung'unika. Waliingia wodini saa za kuona wagonjwa zikikaribia kwisha, nami nimeshanuna kitandani.

"Mbona mmechelewa hivyo?" niliuliza. "Na uji uko wapi?"

Mgata alimchukua mtoto, akambeba kama mtu aliyekabidhiwa yai, akamtazama muda mrefu. Mtoto huyo ndiye mama yenu. Kisha akanitazama mimi, macho yamemjaa machozi, akasema maneno ambayo siku ile sikuyaelewa, na leo ninyi mnayaelewa:

"Mke wangu, taa ya mwenzio huonyesha askari, haionyeshi ng'ombe."