Mizizi ya Alexander

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba anayelikimbilia jambo kabla ya wakati wake hulikosa kabisa. Alexander aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini kujua methali na kuitii ni mambo mawili.

Mwaka wa 1996 alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Wapenda Mimea katika shule moja ya upili karibu na Merigi. Mwalimu mkuu aliwapa kijishamba nyuma ya bwalo wakuze miche ya chai. Wakishindwa, kingerudi jikoni kipandwe sukumawiki. Nyanchama, mwandishi wa chama, ndiye aliyekililia kijishamba hicho hadi kikapatikana. Walipanda vipandikizi, wakavifunika kwa nailoni, na afisa wa kilimo akawaonya wasiifungue kabla ya miezi mitatu.

Lo! Juma halijaisha, Nyanchama alimkuta Alexander amepiga magoti, nailoni imefunuliwa, kipandikizi ki mkononi.

"Unafanya nini?"

"Naangalia tu kama kimetoa mizizi. Nakirudisha sasa hivi."

"Alexander! Kuku akiatamia, wewe huvunja yai uone kifaranga amefika wapi?"

"Sasa mwenyekiti asijue hali ya shamba lake?"

Nyanchama aliifunga nailoni kwa kamba; mwenyekiti akaifungua. Nyanchama alizungushia miiba; Alexander akairuka. Alimsihi, akamgombeza, akamnunia, wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Angemshtaki kwa mwalimu mkuu, lakini shamba lingechukuliwa siku hiyo hiyo. Basi alilia kwa hasira, huku mwenzake akivichomeka vipandikizi udongoni kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto. Jamani, mapenzi mengine ni balaa!

Miezi mitatu ilipotimia, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Nailoni ikaondolewa. Majani yalikuwa meusi. Aling'oa kipandikizi kimoja, akang'oa kingine. Vyote vilikuwa vimeoza.

"Kumbe havikutoa mizizi hata kidogo," alisema.

"Vilitoa, Mwalimu!" Alexander alidakia. "Mwezi uliopita vilikuwa na mizizi myeupe, mizuri kabisa! Niliiona kwa macho yangu!"

Nyanchama alijifunika uso kwa viganja.

"Uliionaje," mwalimu mkuu aliuliza, "na nailoni ilikuwa haijafunguliwa?"



Juma lililofuata mpishi alipanda sukumawiki pale. Nyanchama alipita akitazama kando, na Alexander, aliyetangulia kuiona mizizi, hakuuona mche hata mmoja. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.