Kitabu Kilichomjua Mwanamume Tu

Hapo zamani, kabla vitabu havijaanza kupigwa chapa, mji wa Kiwandeo ulikuwa na nyumba ya tiba, na nyumba hiyo ilikuwa na kitabu kimoja cha homa. Kila ukurasa ulianza na neno lilelile. Mwanamume akiugua, macho yake huwa ya manjano. Mwanamume akiugua, apewe mzizi mchungu. Asiye na macho ya manjano asipewe, maana mzizi huo humuua asiye na homa.

Kila masika homa ilikuja. Wanaume waliingia na macho ya manjano, wakanywa, wakapona. Wanawake waliingia na macho meupe, wakaambiwa hawana homa hiyo, wakarudishwa nyumbani, wakafa.

Bi Mwanatumu ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake hao kabla ya kuzikwa. Hakujua kusoma, lakini aliona mstari wa buluu chini ya kucha zao. Aliuona kwa wa kwanza, akauona kwa wa kumi, na alipomwosha wa kumi na tisa akaenda kumwambia Tabibu Haroub, mkuu wa nyumba ya tiba. Tabibu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamjibu kwamba kitabu hakikutaja kucha.

Shekue, mnakili, aliyasikia hayo. Alikuwa akinakili kitabu kile upya kwa kuwa cha zamani kilianza kuliwa na mchwa. Wanakili walikuwa na kiapo: aliyebadili hata neno moja hakushika tena kalamu maishani. Shekue alimfuata Bi Mwanatumu, akamwuliza yote aliyoyaona, akarudi kazini. Kila palipokuwa na "mwanamume," akaandika "mtu." Na penye dalili akaongeza: "Kwa wanawake, tazama kucha."

Tabibu alipoisoma nakala hiyo, alimfukuza siku ileile, na nakala akaifungia sandukuni.

Masika yakarudi. Mkasi, mfinyanzi, mama wa watoto wawili, aliletwa akitetemeka. Macho yake yalikuwa meupe, na kucha zake zilikuwa na mstari wa buluu. Tabibu alikataa kumpa mzizi, akihofu kumuua. Mkasi alikuwa amesikia habari za nakala ya Shekue; akaomba asomewe. Tabibu akaitoa, akasoma kwa sauti: "Mtu akiugua..."

"Rudia, Bwana Tabibu," Mkasi akasema.

Akarudia.

"Basi huyo mtu ni mimi. Nipe ninywe."

Kwa kuwa mwenyewe aliikubali hatari, Tabibu akampa, naye akanywa. Siku ya kwanza hakufumbua macho. Siku ya pili mwili wake ulikuwa baridi kama udongo wake wa kufinyangia. Siku ya tatu aliketi, akaomba uji. Tabibu, aliyekuwa ametibu watu kwa miaka thelathini, aliishika mikono ya Mkasi, akautazama ule mstari ukififia, kucha baada ya kucha. Masika yale wanawake walifika mlangoni wakiwa wamenyoosha mikono ili watazamwe kucha, na waliondoka kwa miguu yao wenyewe.

Nakala ya Shekue ikawa ndiyo kitabu cha mji, naye akasamehewa kile kiapo, akarudishwa kazini. Ikabaki kuandika jina la mwenye kitabu, na kwa desturi ya Kiwandeo kitabu kilibeba jina moja tu. Tabibu akawaita Shekue, Mkasi na Bi Mwanatumu, kila mmoja aeleze kwa nini jina liwe lake.

Shekue akasema, "Yaliyosemwa kwa mdomo tu yangepotea. Mimi niliyaandika, nikijua nitafukuzwa."

Mkasi akasema, "Yaliandikwa, yakalala sandukuni. Yangekuwa ya uongo, asingekufa mwandishi. Ningekufa mimi, na wanangu wangelelewa na majirani."

Bi Mwanatumu alizungumza mwisho. "Wale kumi na tisa nawajua kwa majina," akasema. "Wengine waliwaona wamekufa, wakawafunika. Mimi niliwatazama."

Tabibu alichovya kalamu, akaiinua juu ya ukurasa mtupu.

Nanyi mnaonisikiliza, kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?