Fungu la Jefwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliokatazwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme mwoga. Mfalme mkali ana nafuu, mwoga ni balaa. Akapitisha sheria: kila nyumba iwekwe kasuku wake juu ya boriti, na kila siku ya soko kasuku aende ikulu akaseme yote aliyoyasikia.

Basi mjane mmoja, Mbodze, alikuwa akiishi na mwanawe wa pekee, Jefwa. Siku moja, tonge mkononi, Jefwa akasema, "Mama, mfalme huyu ana masikio mengi kuliko akili." Mama akacheka. Siku ya soko kasuku akayapeleka maneno yale, na Jefwa, alipoonywa na jirani, akavuka mto mbio, hata kuaga hakuaga.

Mbodze akabaki na nyumba. Alimkumbuka mwanawe usiku na mchana. Na kwao aliye safarini huwekewa fungu lake la chakula. Kila jioni alipakua sima na mchicha, akafunika kwa kawa, akageukia mlangoni na kuuliza polepole, "Jefwa wangu, umekula?" Hakuna wa kumjibu. Asubuhi fungu lile likawa la kuku.

Siku ya soko kasuku akasema ikulu, kwa sauti ya Mbodze: "Jefwa wangu, umekula?"

"Kumbe yumo ndani," akasema Fisi, mkuu wa askari. Akaja, akapekua uvunguni, hakuna mtu. Soko la pili kasuku akasema yale yale. Fisi akaja, akapekua darini, hakuna mtu. Soko la tatu, yale yale. Fisi akang'oa hata mafiga, hakuna mtu, ila sahani chini ya kawa, bado ya moto.

"Sahani hii ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Ningejua, baba, ningekuwa naipakua hapa?"

Akapelekwa barazani, mfalme mwenyewe akiwepo. Hakimu alikuwa Mzee Kobe. Fisi akasema anayemficha mkosaji naye ni mkosaji, sheria ni sheria. Kobe akamgeukia kasuku. "Sema ulichosikia. Usipunguze, usiongeze."

"Jefwa wangu, umekula?" Sauti ni ile ile, na pumzi ile ile iliyokatika mwishoni. Kobe akamwambia arudie. Akarudia. Arudie tena. Mara ya tatu mfalme akatazama miguu yake, kwani naye alizaliwa na mama.

"Huyu hafichi mtu," akasema Kobe. "Anamlilia mtu. Mfalme wangu, mimi nyumba yangu naibeba mgongoni ili asije mtu akanitilia sikio ndani. Kisemwacho jikoni ni cha wenye jiko. Kasuku na watoke."

Mfalme akanung'unika, akakubali. Kasuku wakatoka nyumba zote. Lakini kosa la Jefwa hakulifuta, mwoga hasahau.

Kasuku wa Mbodze hakuruka na wenzake. Akatua mlangoni, akasema, "Mama, nimekukosea. Mimi ndiye niliyemfukuza mwanao."

Mbodze akamtazama sana. Mwiko ulikuwa mkononi, na ningekuwa mimi ningeurusha. Yeye akauweka chini. "Maneno yangu uliyapeleka ikulu bila mimi kukutuma," akasema. "Leo nakutuma. Mpelekee Jefwa mwenyewe."

Kasuku akavuka mto. Soko la kwanza hakurudi. Soko la pili hakurudi. Soko la tatu, jioni, Mbodze amekwisha pakua, amekwisha funika, kasuku akatua juu ya boriti ile ile. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Jefwa, nzito kidogo kuliko ile aliyoondoka nayo.

"Nimekula, mama. Na wewe je?"

Mbodze akakaa chini. Akalia, akalia, akalia tena. Kisha akaondoa kawa, akanawa mikono, akala fungu lile lote mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye sahani tupu.