Jinsi Pembe za Makhori Zilivyosokoteka

Siku zile mlima ulipokuwa bado hauna upande, makhori alikuwa na pembe zilizonyooka kama mipini ya mikuki. Ninyi mnaomwona leo huko kwenye majabali, mbuzi-mwitu yule mkubwa mwenye ndevu za kufagia theluji na pembe zilizojizungusha kama kamba, mnadhani ndivyo alivyoumbwa. Sivyo. Sikilizeni niwaeleze yaliyompata, na yaliyompata Zuna, maana yalitokea siku moja na mahali pamoja.

Watu wa enzi hizo hawakusema upande wetu na upande wao. Walisema kwenye jua na kwenye kivuli, na hata hayo yalibadilika kadiri siku ilivyosonga. Bonde moja lilikuwa huku, bonde jingine kule, na mgongo wa mlima katikati. Theluji ya kwanza ilipoanguka, makundi ya makhori yalishuka kutoka vileleni, mwaka huu bonde hili, mwaka mwingine bonde lile. Watu waliwawekea chumvi juu ya mawe bapa, na hakuna aliyewagusa kwa mshale. Kulikuwa na sababu. Makhori alijua theluji iliyoshikamana na theluji iliyo tupu chini. Alipopita yeye, njia ya juu ilifunguka, na watu walipita katika nyayo zake kwenda kuoa, kuzika na kubadilishana shayiri na kokwa za mti wa jozi.

Kazi ya kuwaita makhori ilikuwa ya mama yake Zuna. Alikuwa na wito wake, mrefu, unaoanzia kifuani na kumalizikia puani, na aliwafundisha binti zake wote wawili mpaka mtu aliyesimama nje ya nyumba asiweze kujua ni nani kati ya watatu anayeita. Mama alipofariki, Zuna alibaki bondeni kwao akiita makhori. Mdogo wake, Taja, alikuwa ameolewa bonde la pili. Kila kiangazi walikutana juu kwenye ziwa dogo, wakala mkate wa shayiri, wakachambuana nywele na kuwasema waume zao.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikataa. Nyasi za juu zikawa kidogo, na wachungaji wa mabonde mawili wakakutana mahali pamoja na mifugo yenye njaa. Maneno yakawa makali, fimbo zikanyanyuka, mtu mmoja akavunjwa mkono. Walipotengana, Mzee Lasa, mkuu wa bonde la kina Zuna, akapanda na vijana wake wakapanga mawe katika mstari juu ya mgongo wa mlima. Mirak, mkuu wa bonde la pili, naye akapanda, akayasogeza. Lasa akayarudisha. Mirak akayasogeza tena.

Zuna hakuelewa. Asubuhi moja alikwenda kuchuma vitunguu-mwitu mahali alipochuma tangu utotoni, na mchungaji mmoja akamfokea kwamba yuko ugenini. Siku iliyofuata alirudi palepale, na kijana wa kwao akampungia mkono na kumwambia asiogope, hapo ni nyumbani. Zuna alitazama chini. Jiwe alilokanyaga lilikuwa lilelile, lenye ufa katikati na ukoga mwekundu. Alijaribu kumweleza mumewe jioni ile, lakini maneno yakamponyoka. "Jana nilikuwa mgeni," alisema, "leo si mgeni, na sijaenda popote." Mumewe alimwambia apumzike, amechoka.

Mwishowe wazee wa mabonde yote mawili walichoka kubeba mawe. Wakakubaliana kwamba makhori ndiye aamue. Theluji ya kwanza itakapoanguka na kundi kufika mgongoni, kila bonde litaita. Bonde ambalo kundi litashukia, mlima ni wa huko, pamoja na nyasi zake na njia yake, na wengine wasikanyage tena.

Mzee Lasa alimjia Zuna nyumbani, akakaa karibu na moto, akakataa chai.

"Binti yangu, wewe ndiye utakayeita."

"Na kule ataita nani, Mzee?"

Lasa alitazama moto. "Mimi nitajuaje mambo ya kule?"

"Unajua, Mzee. Hakuna mwingine anayeujua wito huu ila mdogo wangu."

"Basi unajua zaidi yangu," alisema Lasa, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Nisikilize. Bila nyasi za juu, mifugo yetu haifiki masika. Bila mifugo, watoto hawa unaowasikia huko nje watakula nini? Nikipata njia nyingine, nitaifuata. Sina."

Alichosema Lasa kilikuwa kweli. Lakini Taja pia alikuwa na watoto, nao walikula kutoka nyasi zizo hizo, na hilo nalo lilikuwa kweli. Alijaribu kuyashika yote mawili kichwani kwa pamoja, na kila aliposhika moja, jingine lilimtoka.

Theluji ilianguka. Bonde zima lilipanda mpaka kwenye mawe ya chumvi, wazee kwa akina mama, wamejifunika mablanketi. Juu, kundi lilijitokeza mgongoni, weusi wao ukionekana kidogo kidogo katika weupe. Mbele alisimama beberu mkuu, pembe zake mbili zimenyooka kuelekea mawinguni. Muelewe kwamba pembe za wakati huo zilikuwa bado laini kwenye shina, kama tawi bichi. Hakukuwa na jambo lililowahi kuzilazimisha ziwe ngumu.

Zuna aliita. Beberu akageuza kichwa kumtazama.

Kabla wito haujaisha, ukajibiwa kutoka nyuma ya mlima. Kwanza Zuna alidhani ni mwangwi. Kisha akadhani ni mama yake, na mguu wake ukatangulia hatua moja kuelekea kule kabla hajakumbuka kwamba mama yake hayupo. Beberu naye akageuza kichwa upande wa pili.

"Ita!" watu walipiga kelele nyuma yake. "Ita tena!"

Aliita tena. Taja akaita tena. Beberu akageuka huku, akageuka kule, akainua mguu mmoja na kuurudisha palepale. Aliipenda sauti ile na alikuwa akiifuata maisha yake yote, na sasa ilikuwa ikimvuta kutoka pande mbili. Kila alipogeuza kichwa, pembe zilichelewa kidogo kugeuka nacho, zikajisokota kwenye shina lake laini. Mzunguko mmoja. Mwingine. Upepo wa baridi ulipita juu yake ukazigandisha jinsi zilivyokuwa, naye akageuka tena. Nyuma yake madume wengine walifanya kama alivyofanya, nao pembe zao zikafuata mkondo uleule.

Theluji ilizidi. Wana wa makhori walizama mpaka matumboni, wakaanza kulia. Juu yao, ukingo wa theluji ulikuwa umeota kama mdomo mnene, na Zuna aliuona ukipasuka mstari mwembamba wa buluu. Kwa siku ya kawaida kundi lingekwisha kuondoka pale zamani. Makhori ndiye aliyewafundisha watu kuogopa mstari ule. Sasa alikuwa amesimama chini yake, hajui pa kwenda.

Zuna akanyamaza.

"Unafanya nini?" Lasa alimshika bega. "Wanataka kuja! Ita!"

"Sijui, Mzee," alisema Zuna. "Wallahi sijui ninachofanya."

Wala hakujua. Vidole vyake viliingia mdomoni vyenyewe, akapiga mluzi wa kuwafukuzia makhori walipovamia shayiri, mkali, wa kukata masikio. Watu wa bonde lake walimzomea. Mama mmoja alianza kulia. Zuna alipiga tena, na kwa muda mrefu kule nyuma ya mlima hapakuwa na kitu, si wito wala mluzi, ila upepo. Kisha mluzi ukaja, uleule, kutoka kwa Taja.

Beberu aliruka. Hakushukia huku wala kule. Alipanda moja kwa moja majabalini, mahali ambapo hata mbuzi wa kufugwa hawezi kusimama, na kundi lote likamfuata likisukumana. Mwana wa mwisho alipotoka tu, ukingo ulikatika. Theluji ilimwagika juu ya mgongo wa mlima kwa ngurumo, ikafagia mawe ya Lasa na mawe ya Mirak, ikasimama mbali na watu.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walishuka, na majira yote ya baridi yale njia ya juu ilibaki imefungwa, kwa kuwa hapakuwa na nyayo za kufuata. Wengine walimwita Zuna msaliti. Wengine walimletea maziwa bila kusema kwa nini. Mifugo mingi ilikufa, mingine ikaishi. Lasa alimsalimia kama zamani, ila hakukaa tena karibu na moto wake.

Kiangazi, Zuna alipanda mpaka kwenye ziwa dogo akiwa hajui kama atamkuta mtu. Alimkuta Taja ameketi.

"Dada," Taja alisema kabla hata hawajakumbatiana, "mluzi ule ulikuwa na maana gani? Nilipokusikia, nikajua umeona njia. Ndiyo maana nami nikapiga."

"Sikuona njia yoyote," alisema Zuna. "Wewe uliponijibu, ndipo nikajua nimefanya vyema. Nilidhani wewe unaelewa."

Walitazamana. Kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na kicheko kilipoisha machozi yaliendelea.

Na ndivyo mambo yalivyobaki hadi leo. Makhori ana pembe zilizosokotwa, na hashuki kwa wito wa mtu yeyote. Anaishi majabalini, na kabla ya kuinamia maji hutazama kwanza huku, kisha kule, hata kama hakuna anayemwita. Mawe yamepangwa tena juu ya mgongo wa mlima, na bado yanasogezwa. Ukimwuliza mtu wa pale mlima ule ni wa nani, atakujibu haraka. Vuka umwulize wa kule, naye atakujibu haraka vilevile. Makhori hupita katikati ya mawe hayo asubuhi, na jioni hurudi.